Kiswahili cha Gereji: Mshale Unaruka au Joto Linapanda?

Toleo hili safu yetu imehamia Azaiba, Maskati. Kwa asiyeujua mji, Azaiba ni mtaa ulio baina ya bahari na Barabara ya Sultan Qaboos, na ng'ambo ya barabara hiyo ni Ghala, penye maghala, viwanda vidogo na gereji. Kiswahili hakikosekani mtaani hapo: zimo familia za Kiomani zenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa, na wamo Waafrika Mashariki waliokuja kutafuta riziki. Pikipiki nazo zipo tele, hasa za vijana wanaopeleka chakula majumbani.

Kutoka huko tumeletewa swali moja kwa vinywa vinne. Wa kwanza anasema mshale wa joto kwenye pikipiki yake unaruka. Wa pili anasema unapanda na kushuka. Wa tatu anasema unapanda tu, haurudi. Wa nne anasema umeganda. Wote wanataka jibu moja: je, injini inakufa, au ni geji tu?

Jibu letu ni kwamba hawa hawakuuliza swali moja. Kila mmoja ametaja ugonjwa wake, na jina la ugonjwa limo ndani ya kitenzi alichokitumia. Kabla ya kushika spana, tusikilize kitenzi. Anayechanganya "unaruka" na "unapanda" anaweza kupata hasara ya aina mbili. Ya kwanza ni kufunguliwa injini nzima kwa sababu ya waya uliooza. Ya pili ni mbaya zaidi: kusema "geji hiyo, achana nayo" na kuendelea na safari mpaka injini inoki. Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo kazi yake, hasara hiyo ya pili humla mshahara wa miezi.

Geji inaona nini?

Tuanze na chombo chenyewe. Mafundi wengi huita sensa, lakini sisi neno hilo tumeshalizoea kwa kuhesabu watu, kwa hiyo hapa tutasema kihisi. Kwenye pikipiki yenye rejeta, kihisi ni kijidude kidogo kilichokazwa kwenye kichwa cha silinda au karibu na thamostati, ncha yake ikiwa imezama ndani ya kulanti, yaani yale maji ya rejeta yaliyotiwa dawa. Kikiwa baridi, kihisi huuzuia umeme sana. Kikipata joto, ukinzani wake hupungua. Kompyuta ya pikipiki, au geji yenyewe kwenye pikipiki za zamani, huupima umeme unaopita na kuugeuza kuwa nyuzi za joto au vijistari kwenye kioo.

Kwa hiyo geji haioni moto. Inaona umeme tu. Waya ukikatika, umeme haupiti, na geji inadhani injini ni baridi kama barafu. Waya ukichubuka ukagusa chuma cha fremu, umeme unapita bila kizuizi, na geji inadhani injini inaungua. Injini yenyewe haina habari na lolote kati ya hayo.

Unaruka

Tuchukue kitenzi cha kwanza. Mshale ulikuwa katikati, mara uko juu kabisa, mara umerudi, yote kwa kupepesa jicho. Je, inawezekana joto likaruka hivyo?

Tufanye hesabu kidogo. Chukulia injini ndogo yenye kilo 10 za aluminiamu na lita 1 na nusu ya kulanti. Ili vyote hivyo vipande nyuzi 1 tu, vinahitaji takriban kilojuli 14. Kupanda nyuzi 30 kunahitaji kilojuli 420. Kama nyuzi hizo 30 zimepanda kwa sekunde 1, basi zimeingia kilowati 420, ambazo ni zaidi ya nguvu za farasi 550. Pikipiki ya cc 200 kwa kawaida haifiki hata nguvu za farasi 30. Hata ukikusanya joto lote la petroli inayoungua ndani yake, hufiki robo ya kiasi hicho.

Ndiyo maana tunasema: joto halina miguu ya chura. Chuma na maji ni vizito, havipashiki kwa sekunde wala havipoi kwa sekunde. Mshale ukiruka mpaka mwisho wa geji na kurudi, mtuhumiwa wa kwanza ni umeme: waya, soketi, ethi, kihisi chenyewe, au chaji ya betri.

Azaiba ina sababu yake ya kuongeza ugonjwa huu. Mtaa uko ufukweni. Hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi ikiingia kwenye soketi ya shaba huacha kutu ya kijani. Kutu hiyo hupitisha umeme leo, hukataa kesho, na hubadilika kila pikipiki inapotikisika. Juu yake kuna vumbi na jua linalokausha plastiki za nyaya mpaka zipasuke.

Vipimo vya mshale unaoruka havihitaji pesa. Pikipiki ikiwa imesimama, washa swichi bila kupiga injini, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho huku ukitazama geji. Mshale ukicheza, nyaya zimekatikia shingoni mwa usukani, mahali zinapokunjwa kila siku. Usipocheza, shika nyaya za kihisi taratibu na uzitikise, kuanzia kwenye kihisi kurudi nyuma. Ukifika mahali mshale unapostuka, umeshampata mwizi. Fungua soketi, tazama kama kuna kutu ya kijani, isafishe kwa dawa ya soketi, kisha ubane vijimeno vilivyolegea. Usisahau ethi ya injini na ya betri: skrubu iliyolegea hapo huweza kuyumbisha geji na taa kwa pamoja.

Kama mshale unapanda kila ukivuta mafuta na kushuka ukiachia, na taa ya mbele nayo inang'aa na kufifia, pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani, tunatarajia volti 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, kidhibiti chaji kimekufa, na geji ni shahidi tu wa jambo hilo.

Kuna na jambo dogo ambalo huwatesa watu kwa miezi. Kihisi chenye waya mmoja hutumia nyuzi zake za chuma, pale kilipokazwa kwenye injini, kuwa ndiyo ethi. Mtu akikizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba ili kisivuje, amekitenga na chuma. Geji itasoma ovyo, na kila kitakachobadilishwa hakitasaidia mpaka tepu iondolewe.

Unapanda na kushuka

Kitenzi cha pili kina mwendo mwingine. Hapa mshale hauruki. Unapanda polepole kwenye foleni, unafika mahali, feni inanguruma, unashuka polepole, feni inanyamaza, kisha safari inaanza upya. Kila mzunguko huchukua dakika, si sekunde.

Ndugu mwuliza, hiyo ni pikipiki nzima. Kwa pikipiki nyingi, thamostati hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na feni huwaka karibu na nyuzi 100. Baina ya namba hizo mbili joto lina ruhusa ya kutembea. Usihofu ukiona namba 100, kwa sababu kulanti si maji matupu na rejeta si sufuria iliyo wazi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, chini ya mfuniko wenye mgandamizo, hauchemki mpaka joto lipite nyuzi 120.

Lakini panda-shuka ina ndugu yake mgonjwa. Kama imeanza mara tu baada ya kubadilisha kulanti, na mshale unapanda kwa sekunde kumi au ishirini kisha unaanguka, huenda hewa imebaki ndani ya njia za maji. Kihisi kinapima kile kinachokigusa. Povu la mvuke likipita, kinasoma mvuke. Maji yakifika, kinasoma maji. Dawa yake ni kutoa hewa: injini ikiwa baridi kabisa, pikipiki isimame wima, mfuniko ufunguliwe, kulanti ijazwe, injini iwashwe na kuachwa izunguke polepole mpaka mapovu yaishe, huku ukiongeza kila inaposhuka. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, itumie.

Mapovu yasipoisha, yakatoka tangu sekunde za kwanza injini ikiwa bado baridi, na kulanti inapungua bila kuvuja popote, hapo ndipo tunapoitaja gasketi ya kichwa cha silinda. Si kabla ya hapo.

Unapanda tu

Kitenzi cha tatu ndicho cha kuogopwa. Mshale unapanda kwa utulivu, hauchezi, haurudi. Hapa geji inasema kweli, na injini inaomba msaada.

Tukumbuke tuko Maskati. Mwezi Juni adhuhuri ya nyuzi 40 na zaidi si habari, na usiku wenyewe haupumzishi. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, kusini-mashariki ya Maskati, saa 24 zilipita bila joto la hewa kushuka chini ya nyuzi 42.6. Sasa fikiria kazi ya rejeta. Nguvu yake inatokana na tofauti iliyopo kati ya joto la kulanti na joto la hewa. Kulanti ikiwa nyuzi 95 na hewa nyuzi 25, tofauti ni 70. Hewa ikifika 45, tofauti inabaki 50. Rejeta ile ile, feni ile ile, imepoteza karibu asilimia 30 ya uwezo wake, na hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo uchafu kidogo katikati ya mapezi ya rejeta, feni iliyochoka au kulanti iliyopungua, mambo ambayo Nairobi yangevumilika, Azaiba hayavumiliki.

Ukiliona hilo, toka barabarani, zima injini, subiri. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Tulisema mgandamizo ndio unaozuia kulanti kuchemka. Ukiuondoa ghafla, yote inachemka kwa mara moja na inakurukia usoni. Ikipoa, angalia kiasi cha kulanti ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye kichupa cha akiba peke yake. Tazama kama feni inazunguka. Angalia mapezi kama yamejaa mchanga na wadudu.

Na hapa upo mtego mmoja ambao tunaomba kila msomaji aukumbuke hata akisahau mengine yote. Ikiwa mshale umepanda, umepanda, kisha ukaanguka ghafla kwenye baridi na kubaki huko, usishukuru. Huenda kulanti yote imekwisha. Kihisi kimebaki kinaning'inia kwenye hewa, hakina cha kupima, na feni imenyamaza kwa sababu imeambiwa kuna baridi. Injini inapikika kimya kimya. Tofauti yake na waya uliokatika iko kwenye historia: waya huruka bila kutangulia kupanda, na kila kitu kingine kiko sawa. Rejeta iliyokauka hutanguliwa na kupanda, na hufuatwa na harufu, injini kukosa nguvu au kugonga. Zima hapo hapo.

Umeganda

Kitenzi cha nne hakina haraka. Mshale umeganda chini hata baada ya nusu saa ya safari, au umeganda juu hata asubuhi kabla ya kuwasha.

Kipimo chake ni cha alfajiri. Pikipiki ikiwa imelala usiku mzima, washa swichi bila kupiga injini. Kama geji yako inaonyesha namba, namba hiyo inapaswa kuwa karibu na joto la hewa. Ikiwa ni chini ya sifuri, waya umekatika au soketi imechomoka, maana Azaiba haijapata theluji. Ikiwa ni zaidi ya 100, waya umegusa chuma au kihisi kimeungua ndani. Ikiwa namba ni sahihi asubuhi lakini safarini haipandi kufikia kawaida yake, thamostati imekwama wazi.

Kihisi hupimwa jikoni. Kitoe injini ikiwa baridi, zamisha ncha yake kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, kisha unganisha mita ya umeme. Vihisi vingi vya pikipiki za sindano huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, takriban omu 300 kwenye nyuzi 80, na chini ya 200 maji yakichemka. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye namba kamili. Muhimu zaidi kuliko namba ni mwendo: ukinzani ushuke kwa ulaini. Ukishuka, ukapanda, ukashuka tena, kihisi kimekufa. Thamostati nayo huingia sufuria hiyo hiyo. Utaiona ikifunguka kwa macho yako maji yakipita nyuzi 80.

Wenzetu wa bodaboda

Msomaji wa Unguja au Morogoro atauliza: mbona pikipiki yangu haina geji ya joto? Kwa sababu Bajaj Boxer, TVS HLX na nyingi za aina yao hupozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, hazina rejeta wala kulanti. Wapo wanaofunga geji ya ziada, yenye pete ya kihisi inayokaa chini ya plagi. Hapo usishtuke kuona nyuzi 150 au zaidi, maana unapima chuma cha kichwa cha silinda, si maji. Lakini kanuni haibadiliki: chuma hakiruki. Pete ikilegea, namba zitacheza. Kaza plagi kwa kiasi chake kabla ya kuilaumu injini.

Kumwambia fundi

Gereji za Ghala zina mafundi kutoka India, Pakistan na Bangladesh, na mazungumzo huwa Kiarabu kidogo, Kihindi kidogo, Kiingereza kidogo. Vitenzi vyetu vinne vinaweza kupotea njiani, vikafika vyote kwa maana moja: "joto baya". Kwa hiyo piga video ya geji kwa simu, pikipiki ikiwa imesimama, angalau dakika 2, na sauti ya feni isikike. Mwambie mambo matatu: ilianza lini, mshale ulichukua sekunde ngapi au dakika ngapi, na usukani ulikuwa umegeuzwa au la. Akitaka kufungua kichwa cha silinda kwa mshale unaoruka, mwombe kwa heshima aanze na soketi.

Neno la toleo hili

Wanafunzi wa lugha tusiondoke mikono mitupu. Madereva wetu husema "injini imechemsha", wala si "imechemka". Wapo wanaosahihisha. Sisi tunaona madereva wako sawa. Yaliyochemka ni maji. Injini ndiyo iliyoyachemsha. Kiambishi kile kidogo cha kusababisha kimebeba utambuzi wa fundi: usiyatibu maji, mtafute aliyeyachemsha. Na "mshale unaruka" nao umebeba wake: kilichoruka ni mshale, hakuna aliyesema joto limeruka. Lugha ilishatenganisha geji na injini kabla yetu. Kazi yetu ni kuitumia kwa uangalifu ule ule mbele ya fundi.

Kwa toleo lijalo tunaomba wanachama watukusanyie neno moja: kile kiungio cha plastiki cha nyaya, ambacho hapa tumekiita soketi, kwenu mafundi wanakiitaje? Andikeni neno, mji mliolisikia, na aliyelisema ni fundi wa nini. Karatasi ziachwe kwa katibu wa chama.